Pale Tuliponyamaza Kuamia Ndege

Gitaa liko ukutani kwangu, juu ya cherehani, katika kibanda changu cha ushonaji hapa Garsen. Wateja wakija kupimwa hulitazama. Wengine huuliza kama linauzwa, nawaambia haliuzwi. Wengine huuliza kama nalipiga, nawaambia mimi sipigi gitaa, mimi ni wa filimbi, nao hucheka wakidhani nasema ile ya refa. Zamani nilikuwa nikikasirika, maana hasira zangu haziko mbali. Siku hizi nafungua droo ya cherehani, naitoa filimbi yangu ya chuma, ndefu, ile ya kushikwa kwa upande, nawaonyesha, kisha narudi kwenye kiuno cha mtu nilichokuwa nikikipima. Watu wa Garsen wana haraka zao. Huyu ana mbuzi mnadani, yule basi la Malindi linampigia honi.

Gitaa hilo lina nyuzi sita. Tatu nene ni za dukani, zilitoka Mombasa. Tatu nyembamba ni mshipi wa kuvulia samaki. Asiyejua hawezi kuona tofauti, lakini mimi najua nani alizifunga, na najua alizifunga na nini. Ni la kaka yangu. Alinipa mwenyewe, akaniambia hatalihitaji tena, na tangu siku hiyo halijashuka ukutani ila kupanguswa vumbi.

Kabla ya kuwa lake lilikuwa la Mwalimu. Filimbi nayo ilikuwa ya mke wa Mwalimu, ambaye sikuwahi kumwona. Mwalimu alizaliwa Golbanti kama sisi, akaondoka angali kijana, akafundisha muziki katika shule za Mombasa mpaka akastaafu. Aliporudi nyumbani mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Watu walitarajia angerudi na mabati, au hata friji. Akashuka na masanduku mawili, moja la gitaa na jingine dogo la filimbi, na bahasha nene ya karatasi za nota. Mama yetu alitikisa kichwa. "Masikini," alisema, "mtu mzima na akili zake, pensheni yote ameimalizia kwenye makelele."

Ndani ya bahasha mlikuwa na nyimbo zisizo na maneno, za Wazungu wa zamani sana, zilizotungwa kwa ajili ya vyombo hivyo viwili tu, filimbi na gitaa, peke yao, bila ngoma wala kwaya. Mwalimu na mkewe walikuwa wakizipiga sebuleni kila Jumapili wakitoka kanisani. Alichotaka, alituambia baadaye, ni kuzisikia tena zikipigwa na watu wawili kabla hajafa. Hakuwa na haja nyingine kubwa.

Kwa nini alituchagua sisi sijui. Kaka alikuwa akipapasapapasa gitaa la kwaya ya vijana, na Mwalimu alisema vidole vyake havina woga. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nikingojea karo ya chuo ambayo haikuja. Nilikuwa na pumzi na sikuwa na kazi. Nadhani ilitosha.

Mwezi mzima filimbi haikutoa kitu ila upepo. Kaka alikuwa akiniambia nikimaliza kujifunza nikapulize jiko la Mama. Halafu siku moja sauti ikatoka, na ilipotoka ikawa haishikiki. Mimi nikipuliza, napuliza. Mwalimu alikuwa akiziba masikio. "Gitaa ndiye mwenyeji," alikuwa akisema. "Anafagia ua, anatandika mkeka, anaweka maji ya kunawa. Filimbi ni mgeni. Wasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wewe mgeni wangu ukiingia nyumba yatikisika! Punguza, mwanangu. Msikie mwenyeji asema nini." Nilimjibu kwamba filimbi haina swichi. Alicheka, lakini hakuacha kuniambia. Kwa miaka yote niliyomjua aliniambia neno hilo moja, nipunguze, nami kwa miaka yote nikaona ni uzee unamsumbua.

Sasa, mtu wa mjini akisikia tulijifunza muziki wa namna hiyo atadhani tulikaa chumbani tukaweka nota kwenye vile visimamizi vyake. Sisi tulijifunzia shambani. Shamba letu liko bondeni, karibu na mto, na mpunga ukianza kutia maziwa ndege huja kwa makundi mpaka jua linafifia. Kazi ya kuwafukuza tunaiita kuamia. Huamia tangu alfajiri mpaka giza liingie, huondoki, kwani ukienda kunywa chai tu umekula hasara ya msimu. Tulikuwa na madungu mawili, yale majukwaa ya miti ya kukaa juu ukaona shamba lote. Kaka alikaa la upande wa mto, mimi la upande wa njia, na mpunga ukawa katikati yetu. Kwa hiyo alipiga gitaa kule nami nikapiga filimbi huku, na Mwalimu akawa kwenye tuta katikati, kwenye kiti alichokibeba mwenyewe, mwavuli mweusi mkono mmoja na fimbo ya kupigia mapigo mkono wa pili. Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama. Ninaposema walitucheka, nina maana walitucheka hasa.

Uzi wa gitaa ulipokatika mara ya kwanza Mwalimu alihuzunika kama amefiwa. Duka la nyuzi liko Mombasa, na nani atapanda basi kwa ajili ya uzi mmoja? Kaka akaenda kwenye vifaa vyake vya kuvulia, akachagua mshipi wa unene ule ule, akaufunga. Ulihitaji siku mbili tatu za kunyooka kabla haujatulia kwenye sauti yake, lakini ulipotulia ukalia vizuri, na Mwalimu akauinamia na sikio, akainuka akaokota fimbo yake. Kutoka siku hiyo nyuzi nyembamba tulizipata mtoni.

Wimbo aliokuwa akiupenda kuliko zote tuliuita ule wa polepole. Una jina lake, refu, la kigeni, lakini sisi hatukulitumia. Gitaa huanza peke yake, nota moja moja, taratibu, kisha filimbi huingia kama mtu anayebisha hodi. Katikati ya wimbo filimbi hupanda mpaka nota ya juu kabisa, na kutoka hapo huteremka ikiwa pamoja na gitaa mpaka mwisho. Ni mzuri kiasi cha kumfanya mtu aone haya kuusikia mbele za watu. Taabu yake ni kwamba urefu wake haukupatana na ndege. Ukiwafukuza wanaondoka, wanazunguka juu ya mto, wanarudi, na walikuwa wakirudi sisi tuko pale pale, kwenye ile nota ya juu. Basi nikiipiga tu, kaka huacha nyuzi, hushika kombeo lake, hulizungusha mara moja, mara mbili, donge la udongo likaruka. Mimi hunyamaza nikingoja. Donge likianguka na ndege wakainuka, kaka huita kutoka kule, "Haya, twende!" Nasi tunateremka wote wawili kama kwamba hakukutokea kitu.

Mwalimu alichukia kituo kile. Alikuwa akipiga fimbo chini. "Hapana kituo hapo! Aliyeutunga wimbo huu hakulima mpunga!" Lakini alikuwa mtu wa Golbanti, akajua bei ya ndege, hakuthubutu kutuambia tuwaachie. Misimu ikapita, na kituo kikaingia ndani ya wimbo. Hata tulipopiga nyumbani, jioni, hakuna mpunga wala ndege, tulifika pale tukanyamaza wote, kaka akasema haya twende, tukaendelea. Hatukukusudia. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukijiondokea wenyewe kwenye nyuzi.

Tulikuja kujua ubaya wake Mombasa. Rafiki za zamani za Mwalimu walikuwa na shughuli ya muziki alasiri moja katika ukumbi wa kanisa, wakamwalika alete wanafunzi wake. Nilishona gauni jipya. Kaka alivaa viatu vya kuazima vilivyombana mpaka akatembea kama anakanyaga mayai. Ukumbi ulijaa watu waliovaa vizuri, wanaojua mambo hayo. Tukapiga ule wa polepole, na nasema kweli, tuliupiga vyema. Tukafika nota ya juu. Tukanyamaza. Watu wakadhani umekwisha, wakaanza kupiga makofi. Kaka akasema kwa sauti ya shambani kabisa, "Haya, twende!" nasi tukaendelea juu ya makofi yao. Wengine walicheka, wengine waliguna. Mwalimu alijifunika uso kwa programu ya shughuli.

Safari nzima ya kurudi alielekeza uso dirishani. Tulipokaribia Garsen ndipo nilipoona mabega yake yakitikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akatushika mikono, mmoja huku na mmoja huku, akasema, "Wanangu, nawaomba kitu kimoja. Siku mtakayonizika, mnipigie ule wa polepole nyote wawili. Na mnipigie bila kuamia ndege. Mara hiyo moja tu." Tukamwahidi. Ahadi ya namna hiyo ni rahisi kutoa mtu akiwa mzima, amekaa karibu yako, anacheka.

Baadaye nilihamia hapa Garsen nikafungua kibanda. Kaka alibaki na Mama na shamba. Msimu wa kuamia ukifika nilikuwa nikifunga kazi, wateja wakanung'unika, nikapanda boda boda na filimbi yangu mgongoni. Vifuniko vya filimbi vilipovimba kwa unyevu wa bonde nilivitia vitambaa vipya mwenyewe, vya kukazia kola za mashati. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka, na sikujua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa raha.

Kisha ukaja mwaka wa mafuriko makubwa. Maji yalikaa mashambani wiki kwa wiki, na yalipoondoka yaliondoka na boma la mtoni. Boma hilo ni uzio wa magogo na miba ambao huzungushiwa mahali pa kutekea maji, ili mamba wasipite. Kila mafuriko hulibeba, na kila mara wanaume hulijenga upya. Walikuwa wamekwisha kupatana kulijenga Jumamosi. Hii ilikuwa Alhamisi, na Mama alitaka maji ya kupikia.

Kaka alichukua mtungi akateremka. Alifanya kama tunavyofanya sote, akapiga maji kwa fimbo kwanza, akatazama, akangoja. Halafu akaulaza mtungi kwa mkono wa kulia ujae. Majirani waliokuwa wakitengeneza mtumbwi karibu na hapo walikimbia na makasia wakampiga mamba kichwani mpaka akamwachia. Nawashukuru mpaka leo. Wasingekuwapo, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Simu iliponifikia nilikuwa nashona sare za shule. Aliyepiga alisema, "Kaka yako ameshikwa mkono na mamba." Na mimi, Mungu aniwie radhi, sikuuliza kama yu hai. Niliuliza, "Mkono upi?"

Walimpitisha hapa Garsen wakienda naye Malindi, nikaingia garini nikakaa karibu na kichwa chake. Hospitalini waliukata juu ya kiwiko. Alipozinduka alinitazama, kisha akatazama pale, kisha akageukia ukuta. Mimi ni fundi. Nilichoweza kumfanyia ni mashati. Kila shati lake nililikata mkono wa kulia na kuupinda vizuri ili kitambaa kisining'inie. Nilishona la kwanza nikalia, nikashona la pili nikalia, la tatu nikashona tu.

Sikutaka wimbo ufe. Naona niseme wazi: nilimhurumia kaka, lakini pia nilitaka muziki wangu. Bila gitaa filimbi ni mgeni aliyefika nyumba imefungwa. Kwa hiyo, alipopata nafuu, nikamletea gitaa. Nikamwambia mkono wa kushoto unao, huo ndio unaobana nyuzi, mimi nitakuwa mkono wako wa kulia, nitazicharaza. Alikataa. Wasema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini mimi sikukubali, wala sikumpa nafasi. Tukakaa benchi moja, tumebanana, gitaa mapajani mwake, mkono wangu umepita mbele ya kifua chake. Mwanzo tulikuwa kichekesho. Lakini kila Jumapili nilikuja, tukakaa vile vile, na taratibu vidole vyake na vyangu vikaanza kusikilizana, mpaka alasiri moja gitaa likapiga ule wa polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Nilifurahi mpaka nikampiga kaka bega. "Umeona?" nikamwambia. "Si umeona?"

"Nimeona," akasema. "Na filimbi apiga nani?"

Tulikuwa na mikono mitatu baina yetu. Gitaa linataka miwili na filimbi inataka miwili. Hesabu ya mtoto wa nasari, nami sikuifanya miezi yote ile kwa sababu sikutaka kuifanya. Tungeweza kuwa na gitaa au tungeweza kuwa na filimbi, lakini nyimbo za Mwalimu hazikuwa za kimoja. Kaka aliliondoa gitaa mapajani akaliegemeza ukutani, akatoka kwenda kutazama maji yalivyo.

Jumapili iliyofuata nikakuta gitaa limetundikwa na lina nyuzi tatu tu, zile nene. Nikamwuliza nyembamba ziko wapi. "Mshipi ni wa samaki," akasema. Alikuwa amejifundisha kutupa ndoana kwa mkono wa kushoto. Siku hiyo Mama alipika samaki, tukala.

Mwalimu alikuja kumtazama. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuchoka, alitembea na fimbo na ule mwavuli, akafika amelowa jasho. Mama akampa chai. Alitazama gitaa na nyuzi zake tatu, kisha akasema, "Mwanangu, mkono wa kushoto ndio unaoujua wimbo. Wa kulia hutoa sauti tu."

Kaka hakuinua uso. "Basi Mwalimu, nenda ukamwambie mamba," akasema. "Huenda atakurudishia hiyo sauti."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Aliinuka polepole, akaaga vizuri kama kawaida yake, akaondoka. Chai ilibaki nusu. Mimi nikamrukia kaka kwa maneno, niliyosema siwezi kuyaandika hapa na Mama angali hai. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Dada, kidole kimoja hakivunji chawa. Mkono mmoja wataka uvunje nini? Niacheni." Na tukamwacha. Mwalimu hakuja tena, na kaka hakwenda kwake. Nyumba zao zaonana kwa mbali. Ukikaa uani kwetu unaona moshi wa jiko lake.

Hata Mwalimu alipougua kaka hakwenda. Nilikwenda mimi. Amekonda, kitanda kimekuwa kikubwa. Aliniuliza habari za mpunga. Kisha akauliza siku hizi kaka anaamia vipi. Nikamweleza amefunga kamba ndefu yenye makopo kukatiza shamba lote, huivuta kwa mkono wa kushoto yakalia yote pamoja. Akatabasamu. "Makopo," alisema. "Afadhali hata yale, yangeweza kupigwa kwa mapigo." Halafu akafumba macho, nikadhani amelala, kumbe anafikiri. "Ile ahadi yangu," akasema.

"Naikumbuka, Mwalimu. Nitakupigia."

"Sikukuomba wewe peke yako. Niliwaomba nyote wawili."

Nilimfikishia kaka maneno hayo siku ile ile. Alikuwa anapaa samaki, amembana chini ya kisigino, kisu mkono wa kushoto. Aliendelea kupaa. Nikarudi Garsen na hasira zangu, na hasira zile zilikuwa za bure, maana mtu ungemwambia afanye nini? Lakini nilimkasirikia. Niliona ananinyima kitu ambacho, nikifikiri sawasawa, yeye ndiye aliyenyang'anywa.

Mwalimu alifariki kabla ya mavuno. Mchungaji akanipigia simu kuuliza kama nitapiga, kwa sababu marehemu aliacha neno. Nikasema ndiyo. Siku zilizobaki nilijizoeza kibandani, mlango wazi, mbuzi wa watu wakipita. Nilijizoeza kupita pale kwenye nota ya juu bila kunyamaza. Huwezi kuamini ilivyokuwa kazi. Pumzi yangu ilikuwa ikikatika yenyewe, na ilinibidi nijilazimishe kama mtu anayejizoeza kupita nyumba ya jamaa bila kubisha. Mwishowe niliweza. Niliona kwamba kama siwezi kumpa Mwalimu watu wawili, angalau nitampa wimbo usio na ndege.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Sanduku liko mbele, maua ya karatasi juu yake. Kaka sikumwona, nikaamua moyoni kwamba hakuja, nikaamua pia sitamsamehe. Nililetewa kiti, nikakaa, nikatoa filimbi. Ndipo nikaona watu wa mlangoni wanapisha.

Alikuwa amevaa lile shati jeupe nililomshonea, na gitaa limebanwa kwapani kushoto. Alikuja mpaka mbele bila kutazama mtu. Mzee mmoja wa kanisa akampa kiti chake. Akakaa karibu nami, akaliweka gitaa pajani kama zamani, na nikaona lina nyuzi sita. Tatu zilikuwa mshipi mpya. Mafundo yalikuwa ya ajabu ajabu, na ncha zake zilikuwa zimetafunwa. Alizifunga kwa mkono mmoja na meno. Mshipi huchukua siku mbili tatu kunyooka. Kwa hiyo alikuwa amezifunga mapema, labda siku ile ile msiba ulipotokea, wakati mimi nikimlaani huku Garsen.

Watu walianza kunong'ona. Nami, nasema kweli, niliona haya. Niliogopa atajiaibisha mbele ya watu wote, na mimi pamoja naye. Alisogeza mkono wake wa kushoto kwenye shingo ya gitaa, akanitazama, akaanza.

Hakukuwa na sauti. Vidole vyake vilikwenda, kimoja kimoja, mahali pake hasa, vikibana nyuzi ambazo hapakuwa na mkono wa kuzicharaza. Nilimtazama mpaka nikajua tumefika wapi, nikabisha hodi, nikaingia. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikapunguza. Nilipunguza mpaka filimbi ikawa pumzi tu, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusikiliza: kidole kikikwaruza uzi, kidole kikigonga mti wa gitaa, na pengine, akibana kwa nguvu, kijisauti kidogo cha nota yenyewe. Waliokaa nyuma nadhani hawakusikia gitaa hata kidogo. Mimi nililisikia lote. Mwenyeji alikuwa nyumbani. Nilitamani Mwalimu ainuke dakika moja tu aone kwamba mgeni wake amejifunza adabu, na machozi yakanijia, lakini anayepuliza filimbi hawezi kulia, hana midomo ya kulilia.

Tukapanda. Ahadi nilikuwa nayo kichwani, bila kuamia, bila kuamia. Nikaipiga nota ya juu. Nikatazama pembeni nione tunateremka pamoja, nikaona mkono wa kushoto wa kaka umetulia juu ya nyuzi na bega lake la kulia limeinuka. Ndani ya ule mkono wa shati nilioupinda mimi, kile kipande kilichobaki kilikuwa kinazunguka, mara moja, mara mbili. Macho yake yalikuwa mbali, juu ya vichwa vya watu, upande wa mto. Nafikiri hakujua anachofanya.

Ningeweza kupita. Nilikuwa nimejizoeza. Nikanyamaza.

Kanisa zima lilinyamaza nasi. Hakuna aliyepiga makofi, hao hawakuwa watu wa Mombasa. Wote waliotuzunguka walikuwa wamewahi kupita njia ile ya shambani wakatucheka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaweka filimbi magotini nikangoja muda ule ule niliouzoea, muda wa donge la udongo kuvuka mpunga na kuanguka.

"Haya, twende," kaka akasema.

Nikaingia taratibu, nikimsikiliza.